Vitabu vya Kanisa na Madaftari ya Serikali katika Utafiti wa Nasaba za Kijerumani

Mtu atakaye kuijua nasaba yake ya Kijerumani huanza, mara nyingi, na jina. Analo jina la babu wa babu yake, huenda analo na jina la nchi alikotoka, naye hudhani kwamba hayo yatosha: atalipeleka jina katika hifadhi ya nyaraka, naye ataletewa kitabu. Mambo hayawi hivyo. Ujerumani haina daftari moja la taifa lenye majina ya watu wote wa zamani, na kabla ya mwaka 1876 haikuwa hata na sheria moja ya kuandikisha watu iliyotumika katika nchi nzima. Habari za watu ziliandikwa kijiji kwa kijiji, dhehebu kwa dhehebu, na utawala kwa utawala. Kwa sababu hiyo jina ndilo jambo la mwisho kutafutwa. La kwanza ni mahali. La pili ni dhehebu la mtu. La tatu ni mtawala aliyekuwa na amri juu ya mahali hapo katika mwaka unaohusika.

Katika makala haya nimekusudia kueleza mambo mawili. Kwanza, jinsi ya kukifikia kitabu chenyewe. Pili, jinsi ya kukisoma. Maana kitabu kikiisha kupatikana bado hakisemi kitu mpaka kisomwe kwa lugha ya siku zake. Jambo hili la pili latuhusu sisi wanafunzi wa lugha kuliko mtu mwingine yeyote, na nitaonyesha mbele kwamba msomaji wa Kiswahili anayo nyumbani kwake nyenzo ambayo Mjerumani wa leo amekwisha kuipoteza.

ASILI YA VITABU

Desturi ya kuandika vizazi, ndoa na vifo katika nchi za Kijerumani ilianzia kanisani, na ilianzia katika karne ya 16, wakati Wakatoliki na Waprotestanti walipokuwa wakigombea roho za watu. Mji wa Nürnberg ulikuwa na kitabu cha ndoa tangu mwaka 1524. Katika Württemberg mtawala aliamuru mwaka 1558 kwamba wachungaji wawe na vitabu vya ubatizo na vya ndoa. Upande wa Wakatoliki, Mtaguso wa Trento ulitoa amri mwaka 1563 kwamba kila paroko aandike ndoa zote katika kitabu na kukitunza. Na kitabu cha ibada cha Roma cha mwaka 1614 kikaongeza vifo, kipaimara na hesabu ya roho za parokia.

Yafaa kukumbuka makusudi ya amri hizo. Paroko hakuandika ili mjukuu wa karne nyingine ajue asili yake. Aliandika ili ndoa za siri zikomeshwe, na ili watu wenye udugu wa damu au udugu wa ubatizo wasioane. Ndiyo sababu wasimamizi wa ubatizo huandikwa kwa uangalifu mkubwa, na pengine jina la mama halionekani kabisa katika vitabu vya kale. Aidha, kilichoandikwa ni siku ya ubatizo, wala si lazima siku ya kuzaliwa. Ni siku ya maziko, wala si lazima siku ya kufa.

Vita ya Miaka Thelathini, 1618 hadi 1648, iliteketeza vitabu vingi pamoja na makanisa yake. Kwa hiyo katika usharika mwingi kitabu cha kwanza kilichosalia kimeanza katikati ya karne ya 17, na mtafiti aliyefika hapo hapaswi kujilaumu kwa kutofika mbali zaidi.

MADAFTARI YA SERIKALI

Serikali iliingia polepole. Sheria kuu ya Prussia ya mwaka 1794 ilivihesabu vitabu vya kanisa kuwa ushahidi rasmi, ikaagiza nakala ya pili ipelekwe mahakamani. Agizo hilo limeokoa habari nyingi: pale ambapo nyumba ya mchungaji iliungua, huenda nakala ya mahakama ipo mpaka leo katika hifadhi ya serikali. Mtafiti akijibiwa kwamba kitabu kimepotea, na aulize mara ya pili kama kulikuwa na nakala.

Mabadiliko makubwa zaidi yaliletwa na Wafaransa. Baada ya kuitwaa nchi iliyo magharibi ya mto Rhein, waliingiza huko mwaka 1798 sheria yao ya kuandikisha watu mbele ya meya badala ya padre. Vitabu vya zamani vya parokia navyo vikatwaliwa na kuwekwa katika ofisi za mameya. Madaftari hayo mapya yaliandikwa kwa Kifaransa, na mpaka mwisho wa mwaka 1805 yalifuata kalenda ya Mapinduzi, ambayo miezi yake ilikuwa na majina kama “Brumaire”, mwezi wa ukungu, na “Ventôse”, mwezi wa upepo, na mwaka wake ulianza mwezi wa Septemba. Asiyejua hayo hukitupa kitabu akidhani kimeandikwa na mwendawazimu. Anayejua hukishukuru, kwa sababu chini ya sheria ya Wafaransa watu waliotaka kuoana walidaiwa hati za kuzaliwa kwao, na za vifo vya wazazi wao kama wamekufa. Nazo hati hizo mara nyingi zimehifadhiwa pamoja na daftari la ndoa. Bunda moja la karatasi laweza kumpa mtafiti vizazi vitatu kwa siku moja. Mfumo huo ulibaki katika nchi ya Rhein hata baada ya Wafaransa kuondoka.

Kwingineko kila nchi ilifuata njia yake. Ufalme wa Westfalia, ambao Napoleon aliuunda mwaka 1807 na ambao ulianguka mwaka 1813, ulikuwa na madaftari kwa miaka michache tu. Katika Württemberg wachungaji waliamriwa kuweka madaftari ya jamaa tangu mwaka 1808, baba na mama na watoto wote katika ukurasa mmoja. Hamburg ilianza usajili wa serikali mwaka 1866. Prussia ilianza tarehe 1 Oktoba 1874, na Dola nzima ya Ujerumani tarehe 1 Januari 1876. Tangu siku hiyo kila mahali pana ofisi ya usajili iitwayo “Standesamt”, na maandishi yanafanana toka mpaka hata mpaka.

Kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2009, madaftari ya vizazi hubaki katika ofisi hizo kwa miaka 110, ya ndoa kwa miaka 80, na ya vifo kwa miaka 30. Muda huo ukipita hukabidhiwa hifadhi ya nyaraka, na hapo mtu yeyote aweza kuyasoma. Kabla ya hapo hupewa habari mhusika mwenyewe, mwenzi wake, na watu wa ukoo wake wa moja kwa moja. Wengine hudaiwa sababu. Kwa mtafiti hesabu hii ina faida ya pekee: daftari la vifo hufunguliwa mapema kuliko yote, nalo hutaja mara nyingi wazazi wa marehemu. Anayekwama kwa kuzaliwa na atafute kifo.

MAHALI KABLA YA JINA

Watoto wa wahamiaji wa Marekani au Brazil husema mara nyingi kwamba babu yao alitoka “Prussia” au “Hannover”. Hilo si jibu, maana Prussia ilienea toka mpaka wa Ubelgiji hata mpaka wa Urusi. Hata jina la mji laweza kupotosha: miji na vijiji viitwavyo Neustadt, yaani Mji Mpya, ni vingi. Kwa hiyo kazi ya kwanza hufanywa mbali na Ujerumani, katika kumbukumbu za nchi alikohamia: kitabu cha kanisa alilosali, hati ya uraia, jiwe la kaburi, barua za nyumbani. Orodha za abiria waliosafiri kupitia Hamburg zimehifadhiwa kwa miaka ya 1850 hadi 1934, nazo hutaja mahali mtu alikotoka. Za Bremen, kwa bahati mbaya, zimeangamia kwa sehemu kubwa; zilizosalia ni za miaka ya 1920 hadi 1939.

Jina la mahali likiisha kujulikana, hutazamwa katika kamusi kubwa ya mahali ya Meyer ya mwaka 1912 na 1913, ambayo yaeleza kila kijiji cha Dola ya Ujerumani kilikuwa chini ya ofisi gani ya usajili. Siku hizi kamusi hiyo husomwa katika intaneti, pamoja na orodha ya kihistoria ya mahali iliyotungwa na chama cha Verein für Computergenealogie. Kisha huulizwa dhehebu. Vitabu vya Wakatoliki hutunzwa parokiani au katika hifadhi ya jimbo la askofu. Vya Waprotestanti usharikani au katika hifadhi ya kanisa la nchi ile. Picha za vitabu vingi vya Waprotestanti zimewekwa tangu mwaka 2015 katika hazina iitwayo Archion, ambayo hutoza ada. Na vingi vya Wakatoliki katika hazina iitwayo Matricula, ambayo haitozi kitu. Chama cha nasaba cha Utah, kilichoanzishwa mwaka 1894, kilianza kupiga picha za kumbukumbu katika filamu ndogo mwaka 1938. Kuazimisha filamu kulikoma mwaka 2017, na picha zenyewe sasa hutazamwa kwa kompyuta.

Lakini mtafiti asisahau kwamba mtu wa dhehebu dogo huenda aliandikwa katika kitabu cha dhehebu kubwa. Mlutheri aliyekaa katika nchi ya mtawala Mkatoliki aliweza kubatizwa, kuoa na kuzikwa kwa mkono wa padre wa Kikatoliki, na ada zake zikaingia parokiani. Katika mahali kadha wa kadha habari za Wayahudi nazo ziliandikwa na mapadre na wachungaji kwa niaba ya serikali.

Nchi za mashariki zilizoacha kuwa za Ujerumani baada ya mwaka 1945 zina mashaka yake. Breslau sasa ni Wrocław, Stettin ni Szczecin, Königsberg ni Kaliningrad, na vitabu vilitawanyika pamoja na watu. Vingine vimo katika hifadhi za serikali ya Poland. Vingine vya Waprotestanti vimo Berlin katika Evangelisches Zentralarchiv. Filamu nyingi zimo Leipzig katika hifadhi ya serikali ya Saxony. Na madaftari ya serikali yaliyookolewa hutafutwa Berlin katika ofisi iitwayo Standesamt I.

MFANO: HATI YA UBATIZO YA BEETHOVEN

Mambo haya yote, mahali na dhehebu na utawala na lugha, yakutana katika hati moja mashuhuri. Mwaka 1810 mtungaji wa muziki Ludwig van Beethoven, aliyekuwa akikaa Vienna na kutaka kuoa, alimwomba rafiki yake Wegeler ampatie hati yake ya ubatizo kutoka Bonn. Alimwonya ajihadhari, kwa kuwa kabla yake alizaliwa ndugu mwingine aliyeitwa Ludwig, naye akafa. Hati ilikuja, nayo ilionyesha kwamba Beethoven alibatizwa tarehe 17 Desemba 1770. Yeye mwenyewe hakusadiki. Aliamini kwamba alizaliwa mwaka 1772, akaandika juu ya hati kwamba yaonekana si sahihi, maana kulikuwa na Ludwig mwingine kabla yake.

Hati ilikuwa sahihi. Ndugu yake, Ludwig Maria, alibatizwa mwezi wa Aprili 1769 akaishi siku sita tu. Desturi ya kumpa mtoto jina la ndugu yake aliyekufa ilikuwa imeenea sana, na ndilo kosa la kawaida kuliko yote katika utafiti wa nasaba: mtu hulikuta jina alilolitaka, hufurahi, hufunga kitabu, kumbe ameandika nasaba ya mtoto aliyekwisha kufa. Dawa yake ni moja. Kila jina la ubatizo lililopatikana litafutwe papo hapo katika kitabu cha maziko cha miaka inayofuata.

Tazama pia sura ya hati yenyewe. Parokia ya Mtakatifu Remigius iliandika ubatizo kwa Kilatini. Mwaka 1810 Bonn ilikuwa chini ya Ufaransa, kwa hiyo hati ilitolewa na ofisi ya meya, kwa Kifaransa, juu ya mtu aliyesema Kijerumani. Katika maandishi ya paroko mtoto ni “Ludovicus”. Mama yake, aliyeitwa Maria Magdalena Keverich, ameandikwa Helena. Yaelekea aliitwa Lena kwa kifupi, naye mwandishi akalirefusha jina kwa njia isiyokuwa yake. Msimamizi wa kike ameandikwa “Gertrudis Müllers dicta Baums”, yaani Gertrud Müllers aitwaye Baums: mtu mmoja, majina mawili ya ukoo. Anayetafuta kwa herufi tu, bila kufahamu desturi za kuandika, hatamwona mama wala jirani.

MWANDIKO NA TAREHE

Waraka wa Kijerumani wa zamani huandikwa kwa mwandiko uitwao Kurrent, ambao mashuleni haukuachwa mpaka mwaka 1941. Herufi “e” katika mwandiko huo yafanana na “n”. “U” hutambulikana kwa kikuku kilicho juu yake. “S” ina sura mbili, moja ya ndani ya neno na moja ya mwisho. Hapana budi kujifunza, wala si kazi ya miaka. Njia niliyoona inafaa ni kuanza na maneno yanayojulikana kwa hakika, kama majina ya miezi na jina la kijiji, na kunakili kutoka hapo alfabeti ya mwandishi yule mmoja, herufi kwa herufi. Kila mchungaji ana mkono wake. Akibadilika mchungaji, ibadilishwe alfabeti. Jambo moja humsaidia msomaji: maneno ya Kilatini na majina ya watu mara nyingi yaliandikwa kwa herufi za Kilatini katikati ya mistari ya Kijerumani, nayo huonekana kama vigingi shambani.

Tarehe nazo zina mitego. Maandishi “7ber”, “8ber”, “9ber” na “Xber” si miezi ya saba, ya nane, ya tisa na ya kumi kwa hesabu yetu. Ni Septemba, Oktoba, Novemba na Desemba, kwa sababu majina hayo kwa Kilatini yana maana ya saba, nane, tisa na kumi. Asiyelijua hilo humzalisha mama mmoja mara mbili katika mwaka mmoja.

Halafu kuna tofauti ya kalenda. Nchi nyingi za Wakatoliki zilipokea kalenda mpya ya Papa Gregorio katika miaka ya 1580. Waprotestanti waliikataa zaidi ya miaka mia, wakaipokea mwaka 1700 kwa kuruka kutoka tarehe 18 Februari hadi tarehe 1 Machi. Johann Sebastian Bach alibatizwa Eisenach tarehe 23 Machi 1685, na siku yake ya kuzaliwa yatajwa kuwa tarehe 21. Lakini katika kijiji cha Wakatoliki siku ile ile ilikuwa tarehe 31 Machi.

MAJINA YA WATU

Mfano wa Bach watufundisha na jambo jingine. Baba yake aliitwa Johann Ambrosius, na ndugu zake Johann Christoph na Johann Jacob. Jina la kwanza halikumtofautisha mtu. Jina aliloitwa nyumbani lilikuwa la pili au la tatu, na katika madaftari ya baadaye mara nyingi hupigiwa mstari chini yake. Kumtafuta “Johann” katika kitabu cha karne ya 17 ni sawa na kumtafuta “bin” katika daftari la Zanzibar.

Jina la ukoo nalo si jiwe. Mwanamke huongezewa “-in”: mke au binti wa Müller ni “Müllerin”, na mtafiti sharti aiondoe silabi hiyo. Wasomi walipenda kuyafasiri majina yao kwa Kilatini: Schmidt akawa Faber, Müller akawa Molitor, Schneider akawa Sartorius. Mama wa mshairi Goethe alitoka katika ukoo wa Textor, ambao zamani uliitwa Weber. Majina yote mawili maana yake ni mfumaji.

Katika Friesland ya Mashariki desturi ilikuwa ile tunayoijua pwani kwetu. Mwana wa Harm aitwaye Jan alikuwa Jan Harms. Mwana wa Jan aitwaye Dirk alikuwa Dirk Janssen. Ubini ulibadilika kila kizazi, na msomaji aliyezoea Juma bin Hamisi na Hamisi bin Salim hana haja ya kufundishwa. Amri ya Napoleon ya mwaka 1811 ilidai majina yasiyobadilika, lakini watu hawakuitii mara moja. Katika Westfalia jina lilifuata shamba: mwanamume aliyeoa mrithi wa shamba alitwaa jina la shamba lile, na maandishi yakasema “genannt”, yaani “aitwaye”. Ndugu watatu wa baba mmoja na mama mmoja waweza kuzikwa kwa majina matatu.

MANENO YA UDUGU

Nafika sasa katika jambo nililoahidi. Kijerumani cha leo kina “Onkel” na “Tante”, maneno yaliyotoka Kifaransa, nayo hayabagui upande wa baba na upande wa mama. Kijerumani cha zamani kilibagua. “Vetter” alikuwa ndugu wa kiume wa baba. “Base”, ndugu wa kike wa baba. “Oheim”, ndugu wa kiume wa mama. “Muhme”, ndugu wa kike wa mama. Mjerumani wa leo akiyakuta maneno hayo hufungua kamusi. Mswahili ayafasiri bila shida: ami, au baba mkubwa na baba mdogo, shangazi, mjomba, mama mkubwa na mama mdogo. Mtu akiyapitisha kwanza katika Kiingereza, ambacho kina maneno mawili tu mahali pa manne, hupoteza nusu ya ushahidi kabla ya kufika katika Kiswahili.

Hata hivyo maneno hayo yalihama kadiri karne zilivyopita. “Vetter” alitoka kuwa ndugu wa baba, akawa mwana wa ndugu wa baba, kisha akawa jamaa yeyote wa kiume. Hili nalo tunaweza kulitambua, maana “binamu” wetu kwa asili ni mwana wa ami, na leo twalitumia neno hilo kwa upana zaidi. “Base” na “Muhme” yalichanganyika. “Schwager”, ambaye leo ni shemeji, zamani aliweza kuwa baba mkwe au mkwe wa kiume. “Schnur”, ambayo leo ni kamba, ilikuwa mke wa mwana. “Nepos” ya Kilatini yaweza kuwa mjukuu au mtoto wa ndugu. Kanuni ni kutofasiri neno la udugu kwa maana ya leo mpaka limethibitishwa na maandishi mengine ya mwandishi yule yule.

Maneno mengine ni madogo lakini yana uzito. “Weiland” kabla ya jina, au “selig” baada yake, maana yake ni marehemu. Ubatizo wa mtoto ukitaja baba “weiland”, basi baba alikufa kabla ya siku ile, na kitabu cha maziko kina habari zake. “Der Ältere” na “der Jüngere”, mkubwa na mdogo, huenda wasiwe baba na mwana, bali watu wawili tu wenye jina moja katika kijiji kimoja. “Tagelöhner” ni kibarua. Lakini “Kötter” na “Häusler” hayana neno moja la Kiswahili: la kwanza ni mwenye kibanda na shamba dogo, la pili ni mwenye nyumba bila shamba. Katika kijiji cha Kijerumani tofauti hiyo iliamua nani aoe binti wa nani. Kuyafasiri yote kwa neno “mkulima” ni kuifuta.

KURASA ZILIZOTUMIWA KWA UOVU

Haitakuwa haki kuvisifu vitabu hivi bila kusema vilivyotumiwa. Tarehe 7 Aprili 1933 serikali ya Hitler ilitunga sheria ya kuwafukuza Wayahudi katika utumishi wa serikali, na tangu hapo watu kwa mamilioni wakadaiwa kuthibitisha asili ya babu na bibi zao. Ushahidi ulikuwa kitabu cha ubatizo. Sheria za Nürnberg za mwaka 1935 zilikaza jambo hilo. Wachungaji, mapadre na makarani walinakili hati usiku na mchana, na kila nakala ilikuwa kibali cha mmoja na hukumu ya mwingine. Amri ya tarehe 17 Agosti 1938 iliwalazimisha Wayahudi kutwaa jina la “Israel” kwa wanaume na “Sara” kwa wanawake tangu tarehe 1 Januari 1939, nayo majina hayo yakaandikwa pembeni mwa madaftari yao ya kuzaliwa. Baada ya vita yalifutwa kwa maandishi mengine ya pembeni. Anayekuta leo maandishi hayo mawili kando ya jina la mtoto aliyezaliwa mwaka 1890 asiyapite upesi; hapo karani alimtia mtu alama, na karani mwingine akaiondoa, mara nyingi mwenye jina hayupo tena. Ofisi ya serikali ile ilipiga picha pia madaftari ya jumuiya za Kiyahudi. Asili nyingi zimetoweka, na picha za watesi ndizo zilizobaki kuwa kumbukumbu ya walioteswa.

HABARI ZINAZOTUHUSU

Wako Afrika ya Mashariki watu wenye babu Mjerumani, askari au mkulima au mmisionari wa siku za Deutsch-Ostafrika. Nao wafuate njia ile ile: mahali, dhehebu, utawala. Madaftari ya Wazungu wa koloni na yaulizwe Berlin, katika Standesamt I na katika hifadhi ya Wizara ya Mambo ya Nje. Majalada ya utawala yaliyobaki huku yamo katika Nyaraka za Taifa za Tanzania. Karatasi za Wamoravian, walioanza kazi Rungwe mwaka 1891, zimo Herrnhut. Lakini mwaka 1906 serikali ya koloni ilikataza kuandikisha ndoa baina ya Wazungu na Waafrika. Kwa hiyo mtoto wa mama Mwafrika na baba Mjerumani asitafutwe kwanza katika daftari la serikali. Atafutwe katika kitabu cha ubatizo cha misheni, na katika masimulizi ya ukoo wa mama. Jina la baba likikosekana, kukosekana huko ni kazi ya sheria, wala si ushahidi kwamba wazee walisema uongo.

Hiyo ndiyo kanuni ninayotaka ikae katika akili ya mtafiti. Kitabu cha kale chaandika kile ambacho mwandishi aliamriwa kuandika, kwa lugha aliyoamriwa kuitumia. Kabla ya kuuliza kitabu chasema nini juu ya babu, na aulize ni nani aliyeamuru kiandikwe, na kwa sababu gani. Akiisha kujua hayo, atajua pia ni watu gani waliachwa nje ya ukurasa, naye atakwenda kuwatafuta mahali pengine.